Panya ni yuleyule, kwa nini ugonjwa si uleule?

Msomaji ameniandikia hivi: "Shikamoo daktari. Nimesoma kwamba homa ya Lassa inayoua watu Nigeria inaletwa na panya anayeitwa Mastomys natalensis. Nilipotafuta picha yake nikakuta ni huyuhuyu panya wa shamba anayetumalizia mahindi Afrika Mashariki. Sasa kama panya ni yuleyule, kwa nini ugonjwa haujafika? Au umeshafika, ila tunaambiwa ni malaria? Na kwa mvua hizi zisizotabirika na panya wanaozidi, tujiandae kwa lipi? Mwisho, ni kweli kufagia ghala kunaweza kumletea mtu ugonjwa?"

Marahaba. Umeweka maswali manne kwenye barua moja, na la kwanza ndilo gumu kuliko yote. Limewashughulisha watafiti wa panya tangu miaka ya 1970, na majibu ya maana yamepatikana miaka ya karibuni tu. Nitalianza hilo, kwa sababu ukilielewa, mengine matatu yatakuwa mepesi.

Picha uliyoiona haikukudanganya. Mastomys natalensis yupo karibu kila pembe ya Afrika iliyo kusini mwa Sahara. Ni panya wa ukubwa wa wastani, rangi ya udongo, tumbo la kijivu. Jike anaweza kuwa na chuchu hadi 24, na uzao mmoja wa watoto 10 au zaidi si jambo la ajabu kwake. Anapenda shamba lililolimwa kuliko msitu, na mavuno yakiingia ndani naye huyafuata. Hana haya na binadamu. Ukimkamata kwenye mtego wa bati alfajiri utamkuta ametulia anakutazama, hana ile fujo ya panya mweusi wa darini.

Homa ya Lassa ilitambuliwa mwaka 1969. Muuguzi wa misheni katika mji wa Lassa, kaskazini-mashariki mwa Nigeria, aliugua akapelekwa Jos na kufariki huko. Muuguzi aliyemhudumia naye akafariki. Wa tatu, Lily Pinneo, alisafirishwa hadi Marekani akapona. Sampuli zake zikaenda Chuo Kikuu cha Yale, na huko mtaalamu Jordi Casals akaambukizwa maabara. Aliokolewa kwa kuongezwa majimaji ya damu ya Pinneo yaliyokuwa na kinga. Miaka michache baadaye, uchunguzi uliofanywa Sierra Leone ulimbaini mbebaji: huyu panya wetu.

Hapo kila mtu mwenye akili angeuliza kama wewe: ikiwa mbebaji ametapakaa kutoka Senegal hadi Afrika Kusini, kwa nini ugonjwa umejifungia Afrika Magharibi? Watu wakaanza kutega panya kwingineko wakitarajia kuikuta Lassa. Walichokikuta ni jamaa zake. Msumbiji, mwaka 1977, kilipatikana kirusi kilichopewa jina la Mopeia. Zambia kikapatikana kirusi cha Luna. Tanzania vikapatikana viwili, Morogoro na Gairo, kila kimoja kikibeba jina la mahali kilikogunduliwa. Vyote ni vya jamii moja na Lassa, vyote vimo ndani ya Mastomys natalensis, na hakuna hata kimoja kinachojulikana kumfanya mtu augue. Kirusi cha Mopeia kilipodungwa kwa nyani wa maabara hakikuwaua, na walipokuja kupewa Lassa baadaye, nyani wale walikuwa wamekingwa. Jamaa mpole akageuka kuwa kitu kinachokaribia chanjo. Mimi huwa nalifikiria hilo kila ninaposikia mtu akisema panya wote ni adui.

Sasa ufunguo wa swali lako ni huu. Tunasema "panya yuleyule" kwa sababu jicho haliwezi kutofautisha. Vinasaba vinasema vingine. Ndani ya jina hilo moja la Mastomys natalensis kuna koo kadhaa zilizotengana kwa muda mrefu: wa magharibi wana ukoo wao, wa kati wana wao, wa mashariki na kusini vivyo hivyo. Kirusi cha Lassa kimeambatana hasa na ukoo wa magharibi. Cha Gairo kina ukoo wake, cha Morogoro kina wake.

Ushahidi mzuri kuliko wote, kwa maoni yangu, umetoka Tanzania. Kuna ukanda mwembamba ambako koo mbili za panya hawa zinakutana. Wanaishi bega kwa bega, hata kuzaliana kidogo. Watafiti walitega panya kukatisha ukanda huo, wakapima virusi upande huu na upande ule. Walikuta kirusi cha Gairo kinakoma pale ukoo wake unapokoma, na cha Morogoro kinaanzia pale ukoo wake unapoanzia. Hakuna mlima hapo wala mto mkubwa. Panya wa ukoo mmoja angeweza kumkojolea wa ukoo mwingine usiku wowote. Hata hivyo virusi viliishia mpakani, kama mtu aliyefika ugenini na kukuta lugha haielewi.

Kwa hiyo nikijibu kwa ufupi: ugonjwa haujafika kwa sababu panya si yuleyule. Tukiondoka hapa na jambo moja, liwe hilo. Ramani ya panya na ramani ya kirusi ni ramani mbili tofauti, na magazeti yanayochapisha ya kwanza kana kwamba ni ya pili yanawatia watu hofu bure.

Sitaki nikupe uhakika kupita kiasi. Mpaka huo si ukuta wa zege. Mwaka 2016 watafiti waliripoti kukikuta kirusi cha Lassa Nigeria ndani ya panya wa aina nyingine mbili, Mastomys erythroleucus na Hylomyscus pamfi. Maana yake kirusi kinaweza kuhama nyumba, tena kimeshahama. Lakini kinahama polepole. Uchambuzi wa vinasaba vya kirusi chenyewe unaonyesha kwamba kimekuwapo eneo la Nigeria kwa takriban miaka 1,000, na kwamba kilianza kuelekea magharibi, upande wa Sierra Leone na majirani zake, kama miaka 400 iliyopita. Huo ni mwendo wa kinyonga.

Labda umekutana na ile takwimu ya kutisha kwamba kufikia mwaka 2070 watu milioni 700 watakuwa katika hatari ya Lassa, kutoka milioni 92 mwaka 2022, na kwamba baadhi ya maeneo ya Afrika ya Kati na Mashariki yatafaa kwa kirusi hicho. Utafiti huo upo, ulitoka mwaka 2022, na ni kazi makini. Ila ulisomwa nusu. Watafiti walikadiria mahali ambapo mazingira yatakifaa kirusi iwapo kitafika, kwa kuangalia joto, mvua, matumizi ya ardhi na ongezeko la watu. Katika utafiti huohuo walisema kwamba hata kikiingizwa eneo jipya linalokifaa, miongo ya mwanzo kinaweza kubaki eneo dogo tu. Nyumba kuwa na mlango wazi hakumaanishi mgeni yuko barazani.

Utaniambia, mbona siku hizi watu wanapanda ndege? Kweli, na Lassa imeshapanda. Mwezi Februari mwaka 2022 Uingereza iliripoti wagonjwa watatu wa familia moja iliyokuwa na uhusiano na safari ya Mali. Hii ndiyo njia inayoweza kumfikisha mgonjwa wa Lassa katika hospitali yoyote duniani kesho asubuhi, na daktari asiyeuliza "umetoka wapi wiki tatu zilizopita?" ataipita bila kuiona. Lakini mgonjwa mmoja kufika si sawa na ugonjwa kuhamia. Ili Lassa ihamie, kirusi kitoke kwa mtu kirudi kwa panya, panya huyo awe wa ukoo kinaoumudu, awaambukize wenzake, na mnyororo huo usikatike. Sijawahi kusikia tukio lolote lililothibitishwa la namna hiyo. Hata Nigeria kwenyewe, mlipuko mkubwa wa mwaka 2018 ulipochunguzwa kwa vinasaba, ilionekana wagonjwa wengi waliambukizwa kila mmoja kivyake kutoka kwa panya, si mtu kwa mtu. Ulikuwa ni mivuko mingi midogo kwa wakati mmoja.

Mahali ambapo mtu humwambukiza mtu, mara nyingi ni hospitalini. Hapa niseme kidogo kwa uchungu. Mwaka 2008 mwanamke mmoja aliugua Lusaka, akasafirishwa kwa ndege hadi Johannesburg. Hakuna aliyejua anaumwa nini. Waliofuata kuugua walikuwa mhudumu wa afya aliyemsindikiza safarini, muuguzi, mfanyakazi wa usafi, kisha muuguzi mwingine. Kati ya watu watano wanne walifariki. Aliyepona ni yule wa mwisho, kwa sababu wakati huo madaktari walikuwa wameshashtuka wakampa dawa ya ribavirini. Kirusi kilikuwa kipya kabisa kwa sayansi, cha jamii moja na Lassa, kikaitwa Lujo, kwa kuunganisha herufi za mwanzo za miji hiyo miwili. Mwaka 2019 Bolivia ilipata msiba wa aina hiyo kwa kirusi cha Chapare: wahudumu watatu wa afya waliambukizwa na wagonjwa, wawili wakafariki. Katika mafunzo mengi niliyohudhuria, wafanyakazi wa usafi hawakuwa na kiti. Waliketi nje wakisubiri tumalize ili wafagie chumba.

Lujo inanileta kwenye swali lako la pili: je, Lassa imeshafika tukaiita malaria? Kwa Lassa yenyewe, jibu langu ni kwamba hakuna dalili. Panya wa Morogoro ni miongoni mwa panya waliochunguzwa kwa muda mrefu zaidi barani, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kikiwa kitovu cha kazi hiyo kwa miongo kadhaa, na kinachopatikana humo ni wale jamaa wapole. Lakini swali lako kwa upana wake ni swali zuri sana. Katika nchi za joto, homa nyingi hupewa jina la malaria kwanza, na baadhi ya homa hizo zinatoka kwa panya kweli. Mwaka 2022 watu waliugua ghafla mkoani Lindi, Tanzania, homa, kichwa, uchovu, damu puani, na baadhi wakafariki. Kila mtu mtandaoni akawa mtaalamu wa Ebola. Kumbe ilikuwa leptospirosisi, ikaitwa homa ya mgunda. Hiyo haiji kwa kirusi bali kwa bakteria anayetoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine na kupita kwenye maji na matope. Tofauti hii si ya kitabuni tu. Bakteria anauliwa na viuavijasumu vya kawaida vikiwahi kutolewa, kirusi hakijali viuavijasumu hata kidogo. Kwa hiyo "ugonjwa wa panya" si jina la ugonjwa mmoja, na ukiwa mgonjwa lililo muhimu ni kupimwa, usibahatishe.

Kuna jambo hukuuliza ambalo naona lina uzito kuliko Lassa kwa mtu anayeishi mbali na Afrika Magharibi. Vipo virusi ambavyo kweli vimesambaa dunia nzima, kwa sababu wabebaji wao wamesambaa pamoja na watu. Panya mkubwa wa kijivu wa bandarini, Rattus norvegicus, amesafiri na meli karne kwa karne akiwa na kirusi cha Seoul, ambacho huathiri figo. Kipanya mdogo wa nyumbani, Mus musculus, anabeba kirusi cha LCMV, jamaa wa mbali wa Lassa, ambacho kwa wengi hupita kama mafua lakini kikimpata mjamzito kinaweza kumdhuru vibaya mtoto tumboni. Tazama tofauti: panya wa shamba ana koo zilizokaa kila moja kwake kwa maelfu ya miaka, ilhali hawa wawili ni wahamiaji wa juzi, wamefika na mizigo yetu pamoja na virusi vyao vya nyumbani. Mtu akiniuliza ni virusi gani vya panya vinasafiri vizuri, nitamwonyesha bandari kabla ya msitu.

Na biashara ya wanyama nayo ni bandari. Mwaka 2003 shehena ya wanyama wadogo kutoka Ghana, wakiwamo panya buku na kuchakuro, iliuzwa Marekani kama wanyama wa kufugwa. Wakawekwa karibu na wanyama wengine wanaoitwa prairie dog, hao wakaambukizwa, na watu 47 wakapata mpox (zamani monkeypox, yaani ndui ya nyani) au kushukiwa kwa nguvu kuwa nayo. Mpox ilipewa jina la nyani kwa sababu iligunduliwa mwaka 1958 kwa nyani wa maabara jijini Copenhagen. Nyani wa watu walisingiziwa. Dalili nyingi zinaelekeza kwa kuchakuro na jamii ya panya wa misitu ya Afrika, na mwaka 1985 kirusi kilipatikana kwa kuchakuro mgonjwa nchini Kongo. Siku hizi aina yake mojawapo inaenea mtu kwa mtu bila kumhitaji mnyama, na ndiyo maana tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura. Sitaingia humo zaidi, ni habari inayotaka barua yake.

Mvua, sasa. Hapo uko sahihi kwa sehemu. Idadi ya Mastomys inapanda na kushuka kwa kufuata mvua, na watafiti waliofanya kazi Tanzania, akiwamo Herwig Leirs, walionyesha miaka ya 1990 kwamba mlipuko wa panya unaweza kutabiriwa kwa kuangalia mvua za mwanzo wa msimu. Mvua za vuli zikiwa nyingi, majani huchipua mapema, majike huanza kuzaa mapema, na watoto wao wa kike hupevuka na kuzaa msimu huohuo badala ya kungoja mwaka ujao. Hapo ndipo hesabu inaporuka. Panama ilipata funzo kama hilo: mvua za Septemba na Oktoba mwaka 1999 eneo la Los Santos zilikuwa mara mbili hadi tatu ya kawaida, panya wakaongezeka, na kufikia mwaka 2000 watu wakaugua mapafu kwa kirusi cha jamii ya hanta (ndiyo jamii ya kile cha Seoul) ambacho baadaye kiliitwa Choclo.

Lakini panya wengi si lazima wamaanishe kirusi kingi. Msimu wa watoto wengi ni msimu wa panya wengi ambao bado hawajaambukizwa, kwa hiyo sehemu ya walioambukizwa inaweza kushuka hata idadi yao ikipanda. Upande wa pili nao ni mbaya zaidi: panya wakipungua sana kirusi hakipotei. Kwa kirusi cha Morogoro watafiti walitafuta idadi ya chini ambayo panya wakiishuka kirusi kinakufa, hawakuipata. Kinadumu hata wakiwa wachache, pengine kwa sababu baadhi yao hukaa nacho muda mrefu.

Hii ndiyo sababu siamini sana kampeni za sumu za mara moja kwa mwaka. Guinea, vijiji vyenye Lassa viliwekewa sumu majumbani miaka kadhaa mfululizo. Panya walipungua sana kila baada ya zoezi, na kabla ya mwaka kuisha walikuwa wamerudi kutoka mashambani. Ukimwondoa panya ukaacha chakula na tundu, umetangaza nafasi ya kazi.

Na hapo watu hunijibu kwa San Joaquín. Ni haki yao. Mji huo mdogo wa Bolivia, katika nyanda za Beni, ulipigwa na homa ya kutoka damu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mamia waliugua. Timu iliyoongozwa na Karl Johnson, ambaye mwenyewe aliugua akanusurika, ilibaini kirusi cha Machupo na panya wake, Calomys callosus, aliyekuwa amejaa ndani ya nyumba. Jambo lililowashangaza ni paka: walikuwa wamekwisha mjini, na wengi waliihusisha hali hiyo na DDT iliyopulizwa kupambana na mbu. Mwaka 1964 mitego ikatandazwa nyumba kwa nyumba, na ndani ya wiki chache wagonjwa wapya wakakoma. Ni moja ya hadithi nzuri kabisa katika fani yetu. Lakini tazama sharti lake: panya alikuwa ndani ya nyumba, mji ni mmoja na umezungukwa na mbuga, mitego iliendelea, na wananchi wote walishiriki. Ukitoa sharti moja unabaki na Guinea. Kuhusu paka, mmoja mwenye bidii anasaidia kumfanya panya asizoee nyumba, ila asitegemewe peke yake. Naye hula panya na kuwagusa watoto, kwa hiyo mizoga anayoileta isichezewe.

Tumefika kwenye ufagio. Ndiyo, ni kweli. Nalijibu hili kwa kirefu kwa sababu ndilo lililo mikononi mwako, iwe unaishi kwenye Lassa, hanta, au virusi ambavyo havijapewa jina.

Panya aliyeambukizwa haonekani mgonjwa. Kirusi kinatoka kwenye mkojo wake, mate na mavi, na panya hukojoa kidogo kidogo kila anapopita, kama anayeweka alama za njia. Mkojo ukikauka juu ya magunia na sakafu unakuwa vumbi. Ghala likikaa limefungwa miezi mitatu kisha mtu akaingia na ufagio mkavu, anajitengenezea wingu na kulivuta puani. Mzee mmoja fundi mitego alinifundisha siku yangu ya kwanza kazini: kabla hujafungua mtego, jua upepo unatoka wapi, usimame upande huo. Nilimwona mshamba. Ndiyo kanuni bora niliyowahi kupewa, na haimo kwenye mwongozo wowote niliopewa na ofisi.

Kwa hiyo fungua milango na madirisha, uondoke, upishe hewa ipite angalau nusu saa. Rudi na glavu za mpira na barakoa, na viatu vilivyofunika mguu. Usifagie. Lowesha kwanza. Changanya kipimo kimoja cha dawa ya kufulia yenye klorini na vipimo tisa vya maji, nyunyiza polepole juu ya mavi, mkojo na viota mpaka vilowe, na usipige kwa nguvu mpaka vumbi litimke. Subiri dakika tano au zaidi. Kisha futa kwa kitambaa au karatasi, weka kwenye mfuko, funga, weka mfuko ndani ya mfuko mwingine, zika au choma. Mwisho piga deki kwa dawa ileile. Osha glavu kabla ya kuzivua, kisha osha mikono kwa sabuni. Mzoga wa panya nao uloweshwe kwanza, haushikwi mkia kwa mkono mtupu.

Hata sabuni ya kawaida inafanya kazi, na sababu yake inapendeza. Virusi vya jamii ya Lassa na hanta vimevaa koti la mafuta, na sabuni inavunja mafuta. Koti likiisha kirusi kimekwisha. Jua kali nalo linavidhoofisha haraka, ilhali kwenye kivuli ndani ya chumba cha baridi kirusi cha hanta kinaweza kudumu siku kadhaa. Ndiyo maana magunia na mikeka ukivitoa juani umefanya kazi nusu.

Chakula ni njia nyingine, nayo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Nafaka ikae kwenye chombo cha bati au plastiki ngumu chenye mfuniko, sufuria zisilale wazi, chakula kilichoachwa mezani usiku kikiwa na alama ya meno kitupwe, usikate tu pale palipotafunwa. Ghala la miguu likivishwa bati laini kila mguu, panya hapandi. Tundu la upana wa penseli linatosha kipanya mdogo kupita, kwa hiyo ziba kwa waya wa chuma na saruji, maana mbao na matambara anatafuna. Na wanaokula panya, sina neno la dharau kwao. Nyama iliyoiva vizuri si tatizo. Hatari iko kwenye kumkamata, kumchuna na kumpasua. Utafiti uliofanywa Guinea miaka ya 1990 ulihusisha uwindaji wa panya wa karibu na nyumba na alama za maambukizi ya Lassa katika damu za watu.

Ukiugua baada ya kufanya kazi penye panya, au baada ya kutoka Afrika Magharibi ndani ya siku 21, mwambie mganga hivyo kabla hajauliza. Lassa huanza kinyonge: homa, uchovu, koo kuuma, kichwa. Takriban wagonjwa wanane kati ya kumi hawapati zaidi ya hapo, wengine hata hawajui kama waliugua. Walio wachache huvimba uso, hutapika, hutokwa damu, na kati ya wanaolazwa kama 15 katika kila 100 hufariki. Mjamzito wa miezi ya mwisho yuko katika hatari kubwa mno, yeye na mtoto. Robo ya wanaopona hupoteza usikivu kwa kiasi fulani, na baadhi yao hawaurudishi. Chanjo iliyoidhinishwa bado haipo, ingawa mojawapo imefikia majaribio kwa watu Afrika Magharibi. Dawa ya ribavirini hutumika, na inategemewa zaidi ikianzishwa mapema, jambo lisilowezekana mgonjwa akikaa wiki nzima nyumbani akibadilisha dawa za malaria. Homa isiyoshuka siku ya tatu ya dawa sahihi, kipimo cha malaria kikiwa hasi, irudishe hospitalini. Na ukifika, taja panya, hata kama utaonekana mtu wa ajabu.